Siku Stelingi Alipokufa

Sisi watoto wa Ng'ambo, Unguja, tulikuwa na sheria moja ya sinema: stelingi, yule mkubwa wa picha, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa majini, lakini picha ikimalizika yeye ndiye aliyesimama. Mtu akikusimulia picha ya jana akakwambia stelingi kafa, unajua papo hapo kwamba hakuingia ndani, alisikilizia ukutani.

Sheria hiyo ilivunjwa mbele ya macho yangu mwaka 1959, nikiwa na miaka minane, kwenye onyesho la mchana la wanawake peke yao. Nilipitishwa mlangoni kwa sababu nilikuwa bado mtoto wa kushikwa mkono. Sinema yenyewe ni Majestic, pale Vuga, ingawa Bibi hakuwahi kuiita hivyo. Kwake ilikuwa Royal, jina la jengo la mwanzo lililoungua 1954, na hata baada ya jengo jipya kusimama aliendelea kusema "tunakwenda Royal" mpaka anaingia kaburini.

Picha ilikuwa Mother India ya Mehboob Khan, iliyotoka 1957. Inakwenda karibu saa tatu. Kihindi hatukukijua, ila yale maneno ya mapenzi tuliyoyaokota kwenye nyimbo, lakini mbele yetu alikaa bibi mmoja aliyekwisha kuiona mara mbili, akawa anatafsiri kwa sauti ya kutosha safu tatu. Hapo anadanganywa. Hapo mvua inakuja, tazameni. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ukumbi ulinukia asumini na udi na njugu za kukaanga, watoto wachanga walinyonya, na Radha kila alipolia, walilia wote.

Kwa asiyeijua, kisa chenyewe ni hiki. Radha anaolewa kijijini. Kumbe mama mkwe amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa pale kijijini, ili agharamie harusi, na shamba ameliweka rehani. Mama mkwe hajui kusoma. Alichokubali kwa mdomo na kilichoandikwa karatasini ni vitu viwili mbalimbali. Kesi inafika kwa wazee, na wazee wanafuata karatasi: robo tatu ya mavuno iende kwa Sukhilala kuwa riba, na deni lenyewe libaki palepale.

"Huyo namjua," alisema Bibi gizani.

Nilidhani anamjua mwigizaji. Baadaye sana ndipo nilipoelewa. Babu alikuwa na mikarafuu, na miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoporomoka, wenye mashamba wengi wa Unguja na Pemba walijikuta shamba ni lao kwa jina tu, maana limekwisha kulala rehani. Mambo yalifika pabaya hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria za kuwazuia wadai wasiyachukue. La babu lilikuwa limekwisha kwenda. Picha imetengenezwa Bombay, inahusu kijiji cha India, na bibi yangu ameketi Vuga anamtambua mdai wake kwa namna anavyolifungua daftari.

Radha anapata watoto. Mumewe, Shamu, anapondwa mikono yote miwili na jiwe wakilima ardhi ya mawe, na anaondoka nyumbani kwa aibu. Mafuriko yanakuja. Mtoto anakufa. Sukhilala anamwambia Radha kwamba chakula kipo, akikubali kuwa wake. Anakataa. Wanabaki vijana wawili wa kiume, na yule mdogo, Birju, ndiye aliyetuchukua moyo sisi watoto. Ana hasira za papo hapo, ana kicheko, na ana jambo moja linalomkera tangu utotoni: bangili za mama yake zilizokwenda kwa Sukhilala. Sunil Dutt ndiye aliyemcheza. Nilipomwona tu nilijua, huyu ndiye stelingi.

Birju anageuka jambazi, anamuua Sukhilala, anamchukua binti yake Rupa siku ya harusi na kukimbia naye juu ya farasi. Njiani amesimama mama yake na bunduki. Anamwambia amwachie. Hamwachii. Mama anafyatua.

Nilisimama juu ya kiti. Nilingoja ainuke. Kwa picha nyingine zote nilizokwisha kuona, alikuwa na haki ya kuinuka.

Njiani kurudi Ng'ambo sikushika mkono wa mtu. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo nilipouliza, "Mama, mimi ungenipiga risasi?"

"Kwani wewe utaiba mtoto wa watu siku ya harusi yake?"

"Siibi."

"Basi tembea. Magharibi inaingia."

Lakini mambo hayakuishia pale. Kwa siku saba nane, kila walipokaa uani kukuna nazi au kuchagua mchele, Mama na mama mdogo walikuwa na kesi ile ile. Mama alisema Radha alifanya sawa: yule binti ni mtoto wa kijiji kizima, na mama aliyewaahidi watu kwamba mwanawe hatawadhuru hana njia nyingine. Mama mdogo alisema hapana, hakimu awe mtu mwingine, polisi wafanye kazi yao, mzazi kazi yake ni kufungua mlango. Walifika mahali pa kutosemezana kwa siku moja nzima. Majirani waliokuja kuazima kinu nao walichukua pande. Nimesoma makala nyingi za wataalamu wa filamu tangu wakati huo, na sijaona uchambuzi mzito kuliko ule wa juu ya mbuzi ya nazi.

Ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Nauita ugonjwa kwa sababu umenigharimu: fedha, usingizi, na nusura ndoa.

Nilipofika miaka kumi na saba nilipata kazi iliyotamaniwa na kila kijana niliyemjua, kupeleka mikanda kwa baskeli. Sinema mbili ziligawana kopi moja ya picha. Ya kwanza ilianza, ya pili ikaanza baadaye kidogo, na kila mkanda ulipokwisha huku ulirudishwa nyuma, ukatiwa katika kopo la bati, na miye nikaruka nao barabarani. Mkanda mmoja ni kama dakika ishirini, kwa hiyo muda wa kupata pancha haukuwepo. Nikichelewa, watu wa kule wanakaa gizani wanapiga miluzi, na mama yangu ndiye anayetukanwa.

Malipo yalikuwa madogo, lakini niliruhusiwa kuingia chumba cha mashine. Mashine mbili kubwa zimesimama bega kwa bega, ndani zinawaka vijiti vya makaa vyenye mwanga wa kutoboa macho, joto kama tanuri ya mkate. Opereta mzee alinifundisha kutazama pembe ya juu, kulia, karibu na mwisho wa mkanda. Kuna duara dogo linatokea, la kupepesa jicho tu. Hilo la kwanza: washa mota ya mashine ya pili. Likitokea la pili: badilisha. Waliokaa chini hawaoni kitu, wanadhani picha ni moja, haina mshono. Tangu siku ile sijawahi kutazama picha ya zamani bila jicho langu moja kuisubiri pembe hiyo, hata kwenye televisheni.

Sasa nikiri kosa langu. Ilikuwa usiku, Mother India imerudi tena kama ilivyokuwa ikirudi kila baada ya muda, na sinema ilijaa pomoni. Makopo yalikuwa tisa. Lile la nane na lile la tisa niliyapokea pamoja, kwa haraka, na nilipofika nikamkabidhi opereta la tisa mwanzo. Miluzi ilianza mara moja, maana nusu ya watu waliijua picha ile kama sura ya Yasini, lakini opereta alikuwa anashughulika na makaa yaliyokuwa yanapepesuka, akadhani wanapigia makaa. Radha akainua bunduki. Birju akafa. Maandishi ya mwisho yakatokea, watu wakaanza kusimama. Opereta, kwa mazoea ya mkono tu, akabadilisha mashine, na kwenye pazia akatokea Birju, mzima, anacheka.

Ukimya kidogo. Kisha sauti moja kutoka viti vya mbele: "Kafufuka!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi, walipanda juu ya viti, wengine waliokwisha kufika mlangoni wakarudi mbio. Walikaa wakatazama mkanda wa nane wote mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyedai turekebishe. Miye nilikatwa mshahara wa wiki nzima na nikapigwa kofi moja la kisogo ambalo nilistahili.

Lakini usiku ule sikulala, na si kwa ajili ya kofi. Picha zilikuwa zile zile, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Tulichobadilisha ni mpango tu, na hadithi ya mama anayeua imekuwa hadithi ya kijana anayesamehewa. Nilikuwa nikidhani picha ni waigizaji na nyimbo. Kumbe kuna mtu mahali fulani alikaa na mkasi akaamua nini kitangulie, na yeye ndiye aliyenifanya nisimame juu ya kiti nikiwa na miaka minane. Nilianza kumtafuta mtu huyo katika kila picha. Bado namtafuta.

Ni chumba hicho hicho cha mashine nilikookota gazeti la kale la sinema likiwa na habari iliyonichekesha wiki nzima: Nargis, aliyemcheza mama, na Sunil Dutt, aliyemcheza mwanawe, walizaliwa mwezi mmoja wa mwaka mmoja, Juni 1929, wakipishana siku tano. Tena walioana 1958. Wakati wa kupiga picha moto ulimzunguka Nargis, ndipo Dutt akaingia kumtoa. Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama. "Mama na mwanawe waoane? Astaghfirullah," alisema, na mpaka mwisho wa maisha yake alikataa kuamini.

Vijana huniuliza nianzie wapi na picha za zamani, na huwa nawaambia waanze na Awaara ya 1951, kwa sababu ina mzaha wa kifamilia usiochosha. Raj Kapoor anacheza mtoto aliyekataliwa. Hakimu aliyemkataa anachezwa na baba yake mzazi, Prithviraj. Na yeye akiwa mdogo anachezwa na ndugu yake Shashi. Ukoo mzima umeingia kesi ya kubuni. Na wimbo wake wa njiani hata wazee waliokwisha kusahau majina ya wajukuu wanaujua. Kisha Mughal-e-Azam ya 1960, lakini tafadhali, ile ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 2004 waliipaka rangi yote, na kwangu ni sawa na kumpaka mzee piko asubuhi ya Idi: kila mtu anajua, hakuna anayesema. K. Asif, mwongozaji wake, alikuwa amekwisha kuiweka rangi pale tu alipoihitaji, Madhubala anacheza mbele ya mfalme na vioo vya dari vinammega vipande elfu. Ukiwa umekaa katika kijivu saa nzima na zaidi, rangi ile inakupiga kifuani. Ukiwa na rangi tangu mwanzo, inapita tu.

Charlie Chaplin sisemi. Asiyecheka kwa Chaplin apelekwe hospitali.

Mwaka 1984 nilikwenda Oman kutafuta maisha, kama walivyokwenda wengi wa kwetu. Nilimwacha mke na watoto watatu Unguja. Tulikaa wanaume sita chumba kimoja huko Ruwi, Muscat, na Ijumaa tulikodi kanda za video kwa Mhindi wa chini ya nyumba. Ijumaa moja zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Wenzangu walinung'unika, walitaka picha ya Amitabh Bachchan. Niliweka Mother India.

Nilikuwa nimeiona labda mara thelathini. Nilikuwa nazijua nyimbo, nilijua wapi mkanda unabadilika. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimwona Shamu. Nasema kumwona. Katika mara zote thelathini alikuwa kwangu mtu wa njiani, mume anayetakiwa aondoke ili hadithi ianze. Anapoteza mikono, anakaa nyumbani analishwa na mkewe, watu wanamcheka, na usiku anatoka. Basi. Radha anamtafuta, anaita, na yeye harudi. Raaj Kumar anamcheza kwa uso uliokaza, bila machozi mengi. Picha inasonga mbele na mafuriko na njaa, na hakuna anayerudi kuuliza: alikwenda wapi? Alikula nini? Aliwahi kusimama mbali siku moja akaona moshi wa nyumba yake?

Mikono yangu ilikuwepo yote miwili. Fedha nilipeleka kila mwezi. Lakini mwanangu wa mwisho nilikuwa simjui sauti, ila ile ya kwenye kaseti waliyonitumia. Nilitoka nje nikakaa ngazini. Mwenzetu mmoja wa Pemba alinifuata akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni moshi wa sigara.

Sitasema filamu ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Nilirudi miaka miwili baadaye, mkataba ulipokwisha, kama kila mtu. Ila nilianza kuandika barua ndefu.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa wa Birju. Huko Muscat nilikuwa wa Shamu. Binti yangu mkubwa alipotimiza miaka kumi na sita na kuanza kunijibu, nilijikuta nakaa upande wa Radha bila kupenda, na ilikuwa tabu, kwa sababu upande huo nilikuwa nimeupigia kelele tangu nikiwa na miaka minane.

Mama alifariki 2011. Miezi michache kabla, tulikuwa tumekaa barazani, na mahali fulani mtaani redio ikapiga wimbo wa picha ile. Nilimkumbusha kesi yao ya uani, jinsi alivyomtetea Radha siku saba mpaka mdogo wake akanuna.

"Miye siku ile nilikuwa upande wa mdogo wangu," alisema. "Nilimwambia usiku, ulipolala. Hakuna mama wa kufanya vile. Hayupo."

"Sasa mbona ulibishana naye wiki nzima?"

"Wewe ulikuwa umekaa pale, unasikiliza."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko filamu yoyote.

Majestic siku hizi haionyeshi picha. Nikipita Vuga natazama ukuta wake nikapita. Kwa hiyo sinema yangu sasa ni televisheni ya sebuleni na mjukuu wangu wa miaka kumi na moja, ambaye ana masharti yake: nisimsimulie kinachokuja, na akiuliza nijibu. Mwaka huu nilimwona yuko tayari kwa Mother India.

Alianza kuuliza dakika za mwanzo. "Babu, kwa nini hakuna hata mmoja aliyesoma ile karatasi kabla ya kuweka dole gumba?" Nikamwambia hawakujua kusoma. "Kijiji kizima?" Kijiji kizima karibu. "Basi huyo Sukhilala asingekuwa na kazi kama wangekuwa na mwalimu." Nilinyamaza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimchukia Sukhilala kwa sura ya Kanhaiyalal aliyemcheza, kwa ule mwavuli wake na ile sauti ya kubembeleza, na mtoto huyu anamtazama kama upungufu wa skuli.

Tulifika Birju mkubwa. Nikajisahau, nikavunja sharti. Nikamwambia, "Huyu sasa ndiye stelingi."

Akanitazama. "Stelingi ni nini?"

Nikamweleza. Mkubwa wa picha. Yule ambaye picha ni yake. Nikamweleza na sheria yetu ya Ng'ambo, kwamba hafi, na nikauma ulimi nisiendelee.

Alikaa akifikiri, miguu juu ya kochi, wakati Birju anagombana na watu pale pazia dogo.

"Lakini Babu, picha si ya huyu. Picha ya mama. Mwanzo kabisa tulimwona ni mzee, ameshika udongo, wanamwomba afungue maji. Yote haya anakumbuka yeye."

Hapo hapo umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mtaa mzima ulikuwa giza na tukawasikia majirani wakilalamika madirishani. Nilitafuta kibiriti mfukoni, na nilikuwa bado namtafuta mtu wa kubishana naye, Mama, mama mdogo, mtu yeyote wa uani kwetu.

"Kwa hiyo ni yeye stelingi," alisema gizani. "Tumekwisha kumwona ni mzee. Basi hafi."